Karani wa Pili Baharini

   

Leo nataka tuzungumze juu ya mchanga. Sina maana ya mchanga wa kujengea nyumba, ule unaoletwa na malori. Nasema mchanga na tope vinavyotolewa chini ya bahari ili meli kubwa zipate kupita. Nani anavihesabu? Vinapelekwa wapi? Na daftari lake anashika nani? Hayo ndiyo maswali yetu ya leo, na nitayarudia mara kadhaa, maana nataka ukizima redio yabaki nawe.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2011 na 2012 mkondo wa Kilindini, njia ya meli kuingia bandari ya Mombasa, ulikuwa ukichimbwa ili ufike kina cha mita 15. Wenyeji wa Mombasa mnakumbuka. Jioni tulikuwa tukienda Mama Ngina, kando ya bahari, tunanunua mihogo na pilipili, tunakaa chini ya mibuyu kuitazama ile meli ya kuchimba. Inapita imeketi majini kwa uzito, inaelekea bahari kuu. Baadaye utaiona inarudi, imeinuka, nyepesi, ubavu wa chini wote uko nje. Inapita tena. Inarudi tena. Mchana na usiku. Jioni moja mtoto aliyekuwa karibu nasi akamwuliza mama yake, "Mama, inakwenda kumwaga wapi?" Mama akatazama baharini, akamjibu, "Mbali."

Mbali. Jibu hilo nimekaa nalo miaka yote hii. Maana hata mimi, mtu mzima, siku ile ningeulizwa ningejibu vivyo hivyo.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, enzi zile za magunia, kabla kontena hazijatawala gati. Alinieleza kazi ile ilivyokuwa. Upande wa meli kulikuwa na karani wake, na upande wa gati kulikuwa na karani mwingine. Kreni ikishusha magunia, huyu anachora mistari yake kitabuni, na yule anachora yake. Jioni wanakutana, wanafungua vitabu, wanalinganisha hesabu. Zikilingana, wanatia saini. Zisipolingana, hakuna anayekwenda nyumbani mpaka ijulikane magunia yaliyopungua yameishia wapi. Nilimwuliza baba, kwa nini makarani wawili? Hamuaminiani? Akaniambia kuaminiana hakumo katika jambo hili. Hesabu ikifanywa na mtu mmoja, alisema, hayo ni maelezo yake tu. Ikifanywa na wawili ndiyo hesabu.

Sasa shika hilo, msikilizaji. Makarani wawili. Halafu twende baharini.

Meli ya kuchimba mkondo inafanyaje kazi? Ziko za aina nyingi, lakini ile tuliyokuwa tukiiona ni meli yenye tumbo kubwa lililo wazi juu, na ubavuni ina bomba nene linaloshushwa mpaka chini kabisa. Mwisho wa bomba kuna kichwa kizito cha chuma kinachoburuzwa sakafuni mwa bahari, na pampu inafyonza mchanga pamoja na maji, kama mtu anavyonyonya dafu kwa mrija. Mchanganyiko ule unaingia tumboni mwa meli. Mchanga unatuama chini, maji ya juu yanafurika na kurudi baharini. Tumbo likijaa, meli inakwenda mahali palipopangwa, milango ya chini inafunguliwa, mzigo unaanguka. Basi. Kisha inarudi kuanza upya.

Aina nyingine haibebi yenyewe. Inachimba, kisha inapakia kwenye matishari, na tishari linavutwa na tagi mpaka mahali pa kumwaga. Na nyingine tena inasukuma tope kwa bomba refu mpaka nchi kavu.

Kazi hii ni ya fedha nyingi sana, na mwenye bandari haifanyi mwenyewe. Anampa mkandarasi. Na mkandarasi analipwa kwa kitu gani? Mara nyingi kwa wingi wa alichokitoa. Wakati mwingine wanapima kina cha bahari kabla ya kazi na baada ya kazi, kwa vyombo vinavyotuma sauti chini na kusikiliza mwangwi wake, kisha wanatoa hesabu ya kilichoondoka. Hiyo ni njia nzuri. Lakini ina mapengo mawili. La kwanza, bahari haikai ikingoja upimaji. Mkondo wa maji huleta mchanga mwingine ukajaza palipochimbwa. Pengo la pili ni kubwa zaidi. Kipimo kile kinakuambia mchanga umeondoka pale ulipokuwa. Hakikuambii umekwenda kuwekwa wapi.

Hapo ndipo palipo na jaribu. Tuseme umemwajiri mwenye lori azoe taka mtaani kwako azipeleke jaa la Mwakirunge. Safari ni ndefu, mafuta ni ghali, na jua linazama. Akimwaga njiani, kichakani, wewe utajuaje? Mtaa wako umesafishika. Lori limerudi tupu. Ukimwuliza, atakuambia amefika. Baharini ni hivyo hivyo, ila baharini hakuna hata jirani wa kukupigia simu. Meli ikifungua milango maili mbili kabla ya mahali palipoandikwa kwenye kibali, maji yanafunika kila kitu. Anayekuja kujua ni mvuvi, siku wavu wake unapotoka na tope badala ya samaki, au mzamiaji anapokuta nyasi za bahari zimefukiwa. Na mvuvi akilalamika, anaulizwa: una ushahidi gani?

Jaribu la pili ni la maji. Tumbo la meli likionekana limejaa, limejaa nini? Mchanga au maji ya tope? Nitarudi hapo, maana hapo ndipo pana elimu tamu.

Basi, msikilizaji, tufunge safari kidogo. Twende Marekani, kwa sababu wenzetu kule walikutana na tatizo hili mapema, na walilitafutia dawa ambayo ningependa uijue.

Kule Marekani, njia za meli za bandarini na mitoni zinatunzwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi. Kikosi hicho kina meli zake chache za kuchimba, lakini kazi nyingi wanapewa wakandarasi binafsi. Zamani kikosi kilikuwa kikituma mkaguzi, mtu, akae ndani ya meli ya mkandarasi. Ana daftari, ana saa, ana macho yake. Lakini meli inafanya kazi saa 24. Mtu mmoja atakesha siku ngapi? Na usiku wa kiza, mvua inanyesha, atajuaje kwamba meli iko hasa mahali ilipotakiwa? Anakula chakula cha mkandarasi, analala kitanda cha mkandarasi, anazungumza na watu wa mkandarasi peke yao wiki nzima. Simshutumu mkaguzi huyo. Najaribu kukuonyesha jinsi kazi yake ilivyokuwa ngumu kuliko uwezo wa binadamu mmoja.

Katika miaka ya 1990, wahandisi wa kituo chao cha utafiti mjini Vicksburg, katika jimbo la Mississippi, wakaanza kutengeneza mtambo wa kusaidia kazi hiyo. Wakauita kwa Kiingereza jina ambalo kwa lugha yetu ni Mkaguzi Kimya. Na kweli alikuwa kimya. Hali, halali, haongei na mtu. Anaandika tu. Siku hizi mpango huo umepewa jina la kiofisi zaidi, usimamizi wa ubora wa uchimbaji, na kituo chake cha taifa kiko Mobile, jimbo la Alabama. Lakini mimi nalipenda lile jina la kwanza.

Mkaguzi Kimya anaandika nini? Sikiliza, si mambo mengi. Kwanza, meli iko wapi. Hilo anaambiwa na setilaiti. Pili, meli imezama kiasi gani majini, mbele na nyuma. Tatu, mzigo tumboni umefika kimo gani. Nne, kichwa cha bomba kiko kina kipi, na pampu inavuta au imesimama. Tano, na hili ndilo la Mwakirunge, milango ya chini imefunguliwa au imefungwa. Kila sekunde chache anaandika hayo yote kwa pamoja, pamoja na saa na dakika, na maandishi yale yanapelekwa pwani kwa mwenye kazi. Kwenye matishari nako wanafunga vihisi hivyo, kwa sababu tishari la zamani linaweza kuvuja njia nzima likafika limebaki nusu ya mzigo, na bila kipimo hakuna atakayejua.

Umeona? Siku hizi meli kubwa zote hubeba chombo kinachotangaza zilipo, na ukiwa na simu nzuri unaweza kuifuata meli njia yake yote. Lakini kujua meli ilipo hakutoshi. Inaweza kupita mahali ikiwa imefunga milango, ikapita tena ikiwa imefungua, na kwenye ramani ya simu yako safari hizo mbili zitafanana. Kinachotakiwa ni mahali na mlango kwa pamoja, kwa sekunde ile ile.

Sasa nirudi kwenye jaribu la maji. Msikilizaji, chukua madebe mawili ya lita 20. Moja lijaze maji ya bahari mpaka juu. Jingine lijaze mchanga ulioshiba maji, nalo mpaka juu. Ukiyatazama kwa macho yamejaa sawasawa. Yanyanyue sasa. La maji ni kilo 20 na kidogo. La mchanga linakaribia kilo 40. Kwa hiyo ukitaka kujua debe lina nini bila kutia mkono ndani, unahitaji mambo mawili: limejaa mpaka wapi, na lina uzito gani. Ukiyajua hayo mawili, halikufichi kitu.

Meli nayo ni debe. Kimo cha mzigo tumboni kinapimwa kwa chombo kilichofungwa juu, kinachotuma sauti au mawimbi mengine yakagonga uso wa mzigo na kurudi. Na uzito je? Utaipimaje meli nzima kwenye mizani? Hapo nahodha wa jahazi anacheka, kwa sababu hilo yeye analijua tangu utotoni. Anatazama jahazi lilivyoketi. Likipakia boriti linashuka, likipakua linainuka. Bahari yenyewe ndiyo mizani. Mtambo unafanya lile lile, ila kwa vihisi vya kupima mkandamizo wa maji vilivyofungwa mbele na nyuma ya meli. Kutokana na kushuka kwa meli unapatikana uzito wa mzigo.

Nikupe mfano mmoja tu wa hesabu, sitakuchosha. Tumbo la meli lina nafasi ya mita za ujazo 2,000, na limejaa. Lingekuwa na maji matupu ya bahari, mzigo ungekuwa tani 2,050. Lakini meli imeketi zaidi ya hapo. Vihisi vinasema mzigo ni tani 2,600. Ziada hiyo imeletwa na mchanga. Ukipiga hesabu, ukikumbuka kwamba kila punje imeyasukuma maji ikakaa mahali pake, utapata mchanga mkavu karibu tani 900. Umesikia? Tumbo limejaa pomoni, meli inaonekana imebeba mlima, lakini theluthi mbili ya uzito ule ni maji. Mtu anayelipa kwa kutazama tumbo lililojaa analipia maji ya bahari. Waholanzi, ambao nchi yao imepambana na bahari karne kwa karne, nao walifika hapo hapo kwenye bandari ya Rotterdam, wakawa wanalipa kwa tani za mashapo makavu.

Na si fedha tu, msikilizaji. Kuna viumbe. Mwaka 1980, kwenye mkondo wa Canaveral, jimbo la Florida, meli za kuchimba zilikuta kasa wamejilaza topeni, na wengi wakafyonzwa na kufa. Watu wa Watamu na Kiunga wanaomlinda kasa wanaelewa uchungu huo, maana kasa mmoja huchukua miaka mingi sana kufikia umri wa kutaga. Basi zikawekwa kanuni. Kichwa cha bomba kikafungwa ngao ya kumsukuma kasa kando. Na ikaamriwa kwamba pampu isivute wakati kichwa kimeinuliwa kutoka sakafuni, kwa sababu kichwa kikielea kinamvuta kasa bila kizuizi. Kanuni nzuri sana. Lakini nani aliyeko mita 15 chini ya maji kuona kama inafuatwa? Hakuna. Ni yule Mkaguzi Kimya. Anajua kichwa kilikuwa kina kipi, na anajua pampu ilikuwa inavuta au la. Ukiyaweka maandishi hayo mawili kando kwa kando, unaona.

Hata hivyo, na hili nalisema kwa msisitizo, wenzetu hao hawakumwachia mtambo kila kitu. Kwenye kazi zenye hatari kwa kasa kuna mtu melini anayekagua vichujio baada ya mzigo, akitafuta mabaki ya kasa, kwa sababu mtambo haumjui kasa. Unajua kina na mlango na uzito. Haujui uhai.

Jambo lililonivutia kuliko yote ni hili: Mkaguzi Kimya naye hukaguliwa. Angalau mara moja kwa mwaka wataalamu wa mwenye kazi wanapanda melini. Wanasoma kwa macho yao namba zilizochorwa ubavuni mwa meli zinazoonyesha imezama kiasi gani, kisha wanalinganisha na namba za mtambo. Halafu wanafanya jaribio zuri ajabu kwa urahisi wake. Wanaamuru tumbo la meli lijazwe maji matupu. Uzito wa maji kila mtu anaujua, haubishaniwi. Kama mtambo utasema tumboni kuna kitu kizito kuliko maji, basi mtambo una kasoro, na urekebishwe kabla ya kazi kuendelea. Mtu asiyejua hesabu yoyote anaweza kulielewa jaribio hilo. Ni sawa na mnunuzi wa karafuu anayemwambia muuzaji, kabla hujapima, hebu weka jiwe la kilo moja kwenye mizani yako nilione.

Na mkandarasi mwaminifu anaonewa? Mimi naona anapona. Fikiria mkandarasi aliyemwaga kila mzigo mahali pake, kisha kijiji kizima kinamlaumu kwa tope lililoletwa na mto baada ya mvua za masika. Bila maandishi, ataapa mpaka achoke. Akiwa na maandishi, anafungua safari moja moja: hii hapa, saa hii, mlango ulifunguliwa hapa. Maneno yanakwisha. Daftari la namna hii humlinda msema kweli, awe mkandarasi au mvuvi.

Turudi nyumbani sasa.

Kwetu pwani ya Afrika Mashariki tumechimba, na tutachimba tena. Nimetaja Kilindini. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2017, gati namba moja hadi saba ziliboreshwa na kuongezwa kina kufikia mita 14 na nusu. Lamu, katika Ghuba ya Manda, ulichimbwa mkondo wa mita 17 na nusu, na gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Mimi si mpinzani wa bandari. Mkate wa nyumba yetu ulitoka bandarini.

Lakini Lamu kulikuwa na jambo ambalo kila mtu wa pwani anapaswa kulijua. Wavuvi walikwenda mahakamani. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu, ikikaa Malindi, ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa: haki ya mazingira safi, haki ya utamaduni wao wa uvuvi, na, sikiliza hapa, haki ya kupewa habari. Mahakama ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Ninalotaka ulishike hapo si fedha. Ni hilo neno habari. Wavuvi hawakuambiwa ipasavyo kitakachofanyika kwenye bahari wanayoivua tangu enzi za mababu zao.

Sisemi kwamba vihisi vingezuia hasara ya Lamu. Ukichimba mahali penye matumbawe, yameondoka, na hakuna mtambo wa kuyarudisha. Uamuzi wa wapi pachimbwe na wapi pasiguswe hufanywa na watu, mezani, kabla meli haijaja. Hapo ndipo kelele zetu zinapotakiwa kwanza. Na vihisi nilivyovieleza havioni wingu la tope linavyotambaa na maji ya kupwa na kujaa, wala havijui kama nyasi za bahari zinapata mwanga. Kwa hilo wanatakiwa wapimaji wa maji, na anatakiwa mvuvi mwenyewe, aliye pale kila alfajiri.

Ninachosema ni hiki. Meli inapokwisha kuja, inapoanza kwenda na kurudi, je, kuna karani wa pili?

Wengi watafikiri tatizo ni umaskini, kwamba vyombo hivi ni vya Wamarekani na Waholanzi, na sisi tutavipata wapi? Nakuomba uliondoe wazo hilo. Meli za kisasa za kuchimba zinazokuja kwetu zinakuja na vyombo hivyo tayari. Nahodha anavihitaji yeye mwenyewe ili afanye kazi. Anahitaji kujua yuko wapi, kichwa cha bomba kiko kina gani, tumbo limejaa kiasi gani, meli imeketi vipi. Yote hayo yako mbele yake kwenye kioo, na yanahifadhiwa. Kwa hiyo daftari lipo, karani wa meli anaandika, na anaandika vizuri. Swali ni nani mwingine anayelisoma.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye uchimbaji wa bahari, mali ni yetu na daftari ni la mkandarasi.

Dawa yake ni maneno machache kwenye mkataba. Kwamba maandishi ya vihisi yamfikie mwenye bandari wakati ule ule yanapoandikwa, si mwisho wa mwezi yakiwa yamepangwa upya kwenye ripoti nzuri yenye picha. Kwamba mwenye bandari awe na mtu wake anayejua kuyasoma, na huyo mtu alipwe na sisi. Kwamba vihisi vijaribiwe mbele ya mashahidi, kwa lile jaribio la maji. Na kwamba ramani ya mahali ulipomwagwa kila mzigo ibandikwe ofisi ya kikundi cha usimamizi wa fukwe, BMU, pale wavuvi wanapouzia samaki wao, kwa Kiswahili. Mvuvi hana haja ya kujua pampu ilizunguka mara ngapi. Anataka kujua kama ule mwamba aliourithi kwa babu yake uko salama.

Najua wako watakaosema mkandarasi hatakubali kuyatoa maandishi, kwamba ni siri ya biashara. Kule Marekani wakandarasi binafsi wanayatoa, kwa sababu bila kuyatoa hawapati kazi. Namna anavyoendesha pampu yake, hiyo naweza kukubali ni siri yake. Lakini mahali alipomwaga tope la umma katika bahari ya umma haiwezi kuwa siri ya mtu.

Na kwa ndugu zangu vijana mnaosomea uhandisi na ubaharia, pale Mombasa na Dar es Salaam na kwingineko: kazi hii ya kusoma maandishi ya vihisi inawahitaji. Haitaki nguvu za mgambo. Inataka mtu anayeweza kukaa mbele ya mistari ya namba akagundua kwamba safari ya saa nane usiku ilikuwa fupi kuliko nyingine zote, akauliza kwa nini. Baba yangu, kwa penseli na kitabu cha mistari, aliweza kugundua gunia moja lililopungua katika mamia. Nyinyi mna kompyuta.

Muda wetu unakaribia kwisha, msikilizaji. Kwa hiyo nina ombi moja, hasa kwa viongozi wa BMU kuanzia Vanga mpaka Kiunga, na kwa wenzetu wa Tanga, Dar es Salaam, Kilwa na Mtwara. Mradi wa kuchimba bahari unapokuja, tathmini ya mazingira hufanywa, na wananchi huitwa kutoa maoni. Mara nyingi tunakwenda, tunapewa soda, tunauliza vijana wetu wataajiriwa wangapi, tunarudi. Waulizeni hayo ya ajira, ni haki yenu. Lakini safari ijayo simameni muulize na haya, na mtake majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano: Mzigo utamwagwa wapi? Milango ya meli itaandikwa na nani kila inapofunguliwa? Na sisi tutayaona maandishi hayo lini na wapi? Wakisema "mbali", msikubali. Waambieni wawaonyeshe kwenye ramani.

Mimi nakuaga hapa. Usiku mwema, na walio baharini usiku huu Mungu awarudishe salama.